Mwalimu na Theluji Isiyo na Adabu

Kwa miaka yote niliyomjua, Mwalimu hakuwahi kukosea theluji. Theluji ndiyo iliyokuwa ikikosea. Yeye alishaitajia siku yake mapema, kwa hesabu, mbele ya mashahidi. Sasa ikiwa theluji yenyewe imekurupuka ikaanguka kabla ya siku hiyo, kosa la nani? "Haina adabu," alikuwa akisema, amesimama dirishani na kikombe cha chai ya tangawizi, akiitazama inavyomjazia uwa wake pale Barking, London. "Mimi sikuialika leo."

Nilihamia nyumba ya tatu kutoka kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu wa kwetu wakaniambia siku ileile: ukiumwa nenda kwa daktari, ukitaka kujua baridi nenda kwa Mwalimu. Alikuwa amesomesha hesabu skuli Unguja, akaondoka miaka ya sitini yale mambo yalipotokea, akaja huku akawakatia watu tiketi za treni mpaka akastaafu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na akikasirika alimwita Mwalimu kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilimpenda, nilimcheka, na siku moja nilimvunjia heshima hadharani mpaka akaacha kutabiri kabisa. Hilo nitalifikia. Sina haraka ya kujisema vibaya.

Hesabu yenyewe hakuitunga yeye, tusimsingizie. Ni ile ya wazee wetu. Unaanzia Siku ya Mwaka, wenyewe kusini Unguja wanapooga mwaka, wakapigana kwa magomba ya migomba, wakachoma kibanda cha makuti na kuutazama moshi umeelekea wapi. Kuanzia siku hiyo unahesabu siku kumi kumi. Kila siku kumi ni mwongo mmoja, na kila mwongo una tabia yake: huu wa kupanda, huu wa mvua, huu wa jua la kupasua kisogo. Baba yake ndiye aliyekuwa mhesabuji wa kijiji, na mtu hakutia jembe ardhini mpaka amuulize. Mwalimu akaichukua hesabu ileile akaileta Uingereza, akaipa kazi ya theluji. Alikuwa na hoja yake. Kwenye mwongo wa kumi na nane, kwetu kaskazi inapuliza kwa nguvu zake zote. Upepo haupulizi bure, kwa hiyo huku lazima uwe unasukuma kitu, na kitu chenyewe ni theluji. Ukimbishia anakuuliza, "Wewe hesabu ulipata ngapi?" Mie nilipata kumi na mbili kwa mia, basi nikawa nanyamaza.

Kalenda yake ilining'inia nyuma ya mlango wa jiko. Kila mwaka mpya wa Kizungu alinunua nyingine, na kitu cha kwanza alikwenda moja kwa moja mwezi wa nane, siku zake za mwanzo, akaizungushia tarehe moja duara jekundu. Hiyo ndiyo Siku ya Mwaka. Kutoka hapo akaandika namba ndogondogo mpaka kalenda ikawa kama imetambaliwa na sisimizi. Mkewe alikuwa na kalenda yake mwenyewe chumbani, ya kuandikia siku za daktari, kwa sababu ile ya jikoni haikuwa na nafasi hata ya nukta.

Na Siku yake ya Mwaka ikifika, wee! Alifanya kila kitu. Asubuhi alitoka uwani na shuka kiunoni akajimwagia ndoo ya maji, na jirani yake Mwingereza, bibi mmoja mpole mwenye paka, akafunga pazia kwa heshima. Kisha kikaletwa kibanda. Makuti Barking hayapatikani, kwa hiyo alitumia boksi la friji, amelikata mlango na dirisha. "Kadibodi ina moshi wa kijinga," alikuwa akinung'unika kila mwaka. "Hauna msimamo. Ningekuwa na kuti moja tu la Unguja!" Desturi inataka mtu aingie ndani ya kibanda atoke mbio kikiwaka, lakini mkewe alikataa katakata, hivyo nafasi hiyo ilichukuliwa na yule paka wa jirani, ambaye hakuna aliyemwita na hakukosa hata mwaka mmoja.

Mara ya kwanza nilipohudhuria, kuna mtu aliita zimamoto. Likaja gari zima, wanaume wanne na kofia zao, wakamkuta mzee mwenye shuka mbichi anautazama moshi na kidole kimelowa mate. Mwalimu akawaeleza kwa Kiingereza chake cha stesheni, taratibu, kama anayemweleza abiria kuwa treni yake imeondoka. Mkewe akawapa halua na kahawa. Wakamwonya, wakala, wakaondoka. Mwaka uliofuata moto haukuwa umewashwa bado, gari likapita lenyewe, mmoja wao akateremka kuuliza kama kile kitu kitamu kipo.

Wewe utadhani mtu aliyejua baridi kiasi hicho alikuwa akijikinga nayo. Wapi! Hakuvaa glovu hata siku moja, alisema zinamzuia kuhesabu vidole. Kofia ya sufu hakuivua, hata nyumbani, hata mwezi wa sita, lakini miguuni alivaa makubadhi na soksi. Na hita ya nyumba ilikuwa haiwashwi mpaka ufike mwongo aliousema yeye. Ukienda kuwatembelea mwezi wa kumi na moja unaongea na moshi unakutoka mdomoni, na yeye anakuambia, "Hii bado si baridi rasmi." Mkewe, masikini, alikuwa na ratiba yake. Mwalimu akitoka kwenda msikitini, anawasha. Ikikaribia saa ya kurudi, anazima na kufungua madirisha yote, anapepea kwa kanga. Miaka ishirini! Mwalimu alikuwa akiingia, ananusa hewa, anasema, "Mnaona? Nyumba ikizoeshwa, haina shida."

Televisheni aligombana nayo. Yule kijana wa hali ya hewa alimkera kwa sababu ya kusimama vibaya. "Amesimama juu yetu tena! Barking iko nyuma ya kiuno chake, sisi tutajuaje?" Kisha anamgeukia mgeni: "Huyu, baba yake alikuwa mhesabuji wa wapi?" Na alikuwa na misemo yake, ambayo sikuisikia kwa mtu mwingine. Hesabu haina ujomba. Koti halitii aibu, kikohozi ndicho kinachoaibisha. Mtu akiteleza barafuni yeye hamwinui kwanza, anamsomea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Halafu ndiyo anampa mkono.

Sasa basi, nyote mnataka kujua alikuwa anapata au hapati. Nitasema kweli yangu. Theluji ilikuwa inakuja, lakini inamtangulia. Akisema mwongo wa kumi na sita, inaanguka wiki moja, siku nane, siku kumi kabla. Watu tunazibua njia kwa majembe, yeye anapita na makubadhi yake anasema, "Hiyo ni tarishi tu. Yenyewe iko njiani." Halafu siku yake yenyewe inatoka jua. Mwaka mmoja tulinunua chumvi ya kumwaga mlangoni sisi wote, mtaa mzima wa watu wa kwetu, kwa ajili ya siku aliyoitaja. Siku hiyo nilikula ndani ya gari na dirisha wazi. Chumvi yangu ilikaa kwenye banda mpaka ikawa jiwe. Tulimcheka, na mwaka uliofuata tukanunua tena, maana mtu mwenye uhakika namna ile huwezi kumpuuza, moyo unakusuta.

Mimi ni mpishi wa maharusi. Sufuria zangu zinabeba pilau ya watu mia tatu, na mikono yangu imechomeka mpaka haisikii tena. Nimepika harusi za watu Barking, Harrow, kote, na wakati wote nikimlea peke yangu binti yangu Salma na kumwambia: yako itakuwa nyingine. Ikaja. Jumamosi, mwezi wa kwanza, ukumbi nimeshauweka, kadi zimeshachapwa, mchumba kijana mzuri wa Harrow, mama yake mgumu kidogo lakini mtu.

Wiki tatu kabla, Mwalimu akabisha mlango. Hakukaa. Akavua kofia, na hapo nikajua pana neno zito.

"Bi Zuhura, hiyo tarehe yako nimeitazama. Imeangukia mwongo wa kumi na nane, siku ya tatu."

"Mwalimu, nakuomba."

"Theluji magotini. Treni hakuna. Mabasi hakuna. Huyo bwana harusi utamleta na nini?"

"Kwani huwezi kuihesabu tena?"

"Nimeihesabu mara saba. Vuta nyuma Jumamosi moja. Mwongo wa kumi na saba ni mkavu, hauna neno. Mimi Salma nimemfundisha jedwali la mara tisa kwenye ngazi hizi. Sitaki aolewe mbele ya watu kumi."

Salma akasema, "Mum, please," kisha akaongeza kwa Kiingereza mambo mengi ambayo kwa ufupi yalikuwa: mama, una wazimu? Sikulala. Nikifumba macho naziona sufuria zangu zimejaa na ukumbi mtupu. Asubuhi nikapiga simu ukumbini, na kwa bahati Jumamosi ya nyuma ilikuwa wazi. Nikakaa na kalamu nikasahihisha kadi mia tatu kwa mkono, moja moja.

Mshajua. Jumamosi ya nyuma, ule mwongo mkavu usio na neno, niliamka nikadhani nimesahau taa ya nje. Kweupe! Theluji imefunika magari, imefunika pipa, imefunika paka wa watu. Treni zikasimama. Watu wa Milton Keynes wakapiga simu, watu wa Leicester wakapiga simu, nikaacha kupokea. Bwana harusi alitembea kutoka stesheni ambako treni yake ilikata tamaa, viatu kavishika kwenye mfuko wa plastiki, kavaa buti za baba yake zisizolingana rangi, kanzu imelowa mpaka magotini. Mama yake hakufika mpaka nikaha imekwisha. Katika watu mia tatu walikuja thelathini na sita, na wote walikuwa wale wanaokaa Barking, ambao hata kwangu wanakula kila wiki.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika. Amekaa meza ya mbele na mkewe, kofia kichwani, anajaribu kujifanya mdogo.

Nikamwendea. Mwiko mkononi. Jamani, nilikuwa na mwiko mkononi. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mwalimu, wewe hujui kitu. Chochote ulichokuwa ukikijua ulikiacha Unguja, na huko ndiko kilikobaki. Utuache."

Akainuka. Alimtazama Salma, akamwambia, "Umependeza, mwanangu." Kisha wakatoka, yeye na mkewe, wameshikana mikono wasiteleze.

Na Jumamosi iliyofuata, ile tarehe yangu ya mwanzo, kulikuwa na jua la kuanika mchele. Nilianika nguo nje kwa hasira, hata zilizokuwa safi.

Salma alisamehe siku ileile. Picha zake za theluji zilitoka nzuri mno na mpaka leo anajidai nazo. Mimi ndiye niliyebaki nimenuna. Lakini neno langu lilifanya kazi kuliko nilivyotaka. Watu wakaacha kumpigia Mwalimu simu. Mtu akimuuliza njiani, anajibu, "Tazameni televisheni." Yule! Mkewe aliniambia kalenda ya jikoni haina sisimizi tena, imebaki na duara jekundu peke yake. Na hita inawashwa wakati wowote, hata haulizi. "Nilidhani nitafurahi," mkewe akasema, na macho yake yakajaa. Nikaenda nyumbani nikajiona mtu mbaya, lakini ulimi uliotukana hauvuki njia upesi. Miaka mitatu nilimsalimia kwa kichwa tu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, nilikwenda Unguja wiki moja kumtazama shangazi yangu, anakaa Makunduchi. Mimi ni mtoto wa Mjini, mambo ya kuoga mwaka nilikuwa nayajua kwa Mwalimu tu. Siku ya pili nikaona watu wanakusanya magomba na makuti. Nikadhani wanafanya mazoezi.

"Mazoezi ya nini?" shangazi akauliza. "Mwaka ni leo."

"Leo wapi, shangazi! Bado siku kumi. Nina mtu London anajua."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniitia mzee mmoja aliyekuwa anafunga kibanda, naye akanieleza bila kuacha kufunga. Mwaka wa kwetu una siku mia tatu sitini na tano, basi. Hauna ile siku ambayo Wazungu wanaichomeka mwezi wa pili kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne, mwaka wetu unaitangulia kalenda yao kwa siku moja. "Huyo mtu wako aliondoka lini?"

Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Mie wa kumi na mbili kwa mia, nikahesabu. Aliondoka miaka arobaini iliyopita. Arobaini kwa nne, kumi. Alifika London, akaizungushia duara ile siku aliyoijua, akairudia tarehe ileile kila mwaka, na mwaka wenyewe ukaenda zake bila yeye. Siku kumi. Mwongo mmoja mzima. Tarishi zote zile, theluji zote zisizo na adabu, zilikuwa zimekuja kwenye mwongo wake ule alioutaja. Hata ile ya Salma. Nililia pale na sahani yangu mpaka kibanda kikawaka, watu wakidhani ni moshi.

Nilirudi London na kuti moja nimelikunja ndani ya kanga katikati ya sanduku. Siku ya duara jekundu nikabisha kwao. Mkewe alifungua, akanitazama, akanisogeza ndani. Mwalimu alikuwa uwani mbele ya boksi la friji. Paka yuko tayari ndani. Yeye amezeeka, jamani, shingo imekuwa nyembamba ndani ya ile kofia.

"Asalam aleikum, Mwalimu."

"Waaleikum salam, Bi Zuhura." Kisha akaliona kuti. Akalishika, akalinusa. "Hili limetoka wapi?"

"Makunduchi. Nilikuwa kwenye mwaka."

"Mwaka gani? Mwaka ni leo."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima ndani ya ndege, na bado nilibabaika. Nikamwambia siku ya Wazungu, nikamwambia moja kwa kila miaka minne, na hapo akaninyamazisha kwa kiganja, maana alishafika mwisho kabla yangu. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akafika mwisho wa vidole vyote kumi na mikono ikabaki hewani.

"Mimi nimesomesha hesabu," akasema polepole.

"Mwalimu, theluji ulikuwa unaipata. Yote. Mimi ndiye niliyekukosea, na nilikukosea mbele ya watu. Niwie radhi."

Akanigeuzia mgongo. Nikaogopa nimemvunja mara ya pili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikamtazama vizuri, kumbe anacheka.

"Siku kumi! Miaka arobaini, kutoka Unguja mpaka Barking, nimechelewa siku kumi tu? Treni zetu zilikuwa zikichelewa kuliko hivyo!" Akajifuta macho kwa kofia. "Haya niambie. Moshi wao ulielekea wapi?"

Nikageuka kumtazama paka.

"Bi Zuhura. Moshi."

"Sikutazama, Mwalimu. Nilikuwa nakula."

"Unakula!" Akaushika ukuta. "Miaka arobaini nangojea mtu aniletee moshi ule, na aliyekwenda ni mpishi!"

Tukalichoma kuti palepale hata hivyo, siku kumi baada ya mwaka wenyewe, paka akatoka mbio, na moshi ukaenda kwenye nguo za jirani kama kawaida yake. Mkewe akaleta halua. Nikamwambia Mwalimu kuwa Salma ni mjamzito, anajifungua mwezi wa kwanza, na mimi nitakuwa nakwenda Harrow kila siku. Nikamwomba anihesabie. Wala si kwa adabu tu, nilitaka anihesabie. Akaingia jikoni, akafuta duara, akachora jingine siku kumi nyuma. Akaandika sisimizi wake kwa muda mrefu, chai ikapoa.

"Vaa buti," akasema. "Mwezi wote."

Salma, aliyesoma, alinieleza kwa nini haiwezekani, kwamba baridi inafuata jua na si duara la mtu. Nikamwambia anyamaze, alee mimba. Nikanunua buti, nzito, zenye manyoya ndani, mpaka magotini. Na mwezi wa kwanza ule theluji haikuanguka hata chembe. Waridi za watu zilichipua. Nilipanda treni ya Harrow kila siku kwa buti zile, miguu inatokota, mtoto nimembeba kwa buti, msikitini nimekwenda kwa buti, na kila aliyenicheka nilimjibu kwa sauti, ili wote wasikie, kuwa Mwalimu amesema.